Nadhiri za Mkaguzi wa Mizani

Alikuwa na namna yake ya kuingia dukani ambayo hakuichagua mwenyewe. Akivuka kizingiti tu, mazungumzo yalikatika kama redio iliyozimwa. Muuza duka aliyekuwa akicheka alijikuta anafuta kaunta isiyo na vumbi, na mteja aliyekuwa katikati ya habari za jirani yake alikumbuka ghafla kwamba ana haraka. Yeye aliweka sanduku lake la mbao juu ya kaunta, akafungua vibanio, akatoa mawe ya kupimia ya shaba moja baada ya jingine kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole huongeza uzito. Kisha alisema yaleyale ya siku zote: "Samahani kwa usumbufu. Naomba nione mizani."

Alikuwa mkaguzi wa mizani wa halmashauri, na mji mzima ulimwita Gramu. Jina hilo lilianza nyuma ya mgongo wake, likahamia mbele ya uso, na siku moja akajikuta ameitika. Basi likawa lake.

Gramu hakukubali kiti dukani, wala maji ya kunywa. Miaka ya mwanzo alikubali, mpaka siku alipofungia, isitumike, mizani iliyopunja ya bwana mmoja aliyempa soda asubuhi hiyohiyo, na yule bwana akamtazama kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. Tangu hapo akaona heri kiu. Chakula cha mchana alikila peke yake kwenye benchi la nyuma ya ofisi, na wenzake wa idara, ambao walikuwa watu wa utani na kusukumana, walimpungia mkono kwa mbali kama anayepungia meli.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Kilikuwa na meza na viti viwili. Kimoja alikalia, kingine kilibeba mashati yaliyopigwa pasi. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa na redio, na Gramu alikuwa akiusikiliza mchezo wa redio wa jioni kupitia ukutani, maneno nusu nusu, akijaza mwenyewe yale yaliyomezwa na matofali. Jirani akizima, ulibaki mlio wa friji.

Ilipofika wakati wa kubadilisha vitambulisho vya kazi, alienda kupiga picha kwenye studio iliyokuwa karibu na stendi. Alipenda studio ile kuanzia mlangoni, kwa sababu moja tu: haikuwa na mizani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliingia mahali pa biashara na mwenye studio akamwambia, "Karibu."

Mpiga picha alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alimkalisha mbele ya pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji na maua ambayo hayajawahi kuota popote.

"Inua kidevu. Kidogo. Si hivyo, bwana, hujakamatwa."

Wakati picha zinakauka, Gramu aliona kupitia mlango wa nyuma meza ya duara. Juu yake palikuwa na ramani iliyochorwa kwa mkono, vinyago vidogo vya udongo, na dadu za rangi rangi mithili ya peremende, kila moja na nyuso zake: nne, nane, nyingine ishirini. Akaomba ruhusa, akaichukua ile ya nyuso ishirini, akaizungusha kiganjani.

"Hii haiko sawa," akasema. "Inalalia upande mmoja."

Mpiga picha alimkazia macho, halafu akapasuka kucheka. "Kumbe! Ndiyo maana kinyozi hakosi kila akiirusha!"

Akamweleza. Jumamosi mchana walikutana watu watatu na kucheza hadithi: yeye, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, na kinyozi wa jengo la pili. Yeye mpiga picha husimulia nchi, barabara zake na watu wake. Wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi, anasema anachofanya na anachosema. Pale ambapo hawajui kama atafaulu, wanarusha dadu.

"Hakuna mshindi?" Gramu akauliza.

"Hakuna. Kuna kufika tu. Tumepungukiwa na mtu wa nne. Njoo."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Gramu "njoo" kwa miaka mingi bila kuwa na malalamiko. Jumamosi alifika mapema, akazunguka jengo mpaka wakati ukatimia ili asionekane ana njaa ya watu.

Mshonaji alikuwa mama wa makamo, utepe wa kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Ndani ya hadithi alikuwa mwizi mwepesi wa vidole aliyeitwa Paka. Kinyozi, kijana mwembamba mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa jitu lenye shoka. Walimuuliza Gramu anataka kuwa nani. Alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima.

"Naweza kuwa mwizi?"

Kinyozi akacheka mpaka akashika meza. "Wewe? Mwizi? Si utaiba halafu umwachie mtu risiti!"

Hata mshonaji alicheka, ingawa alijaribu kujizuia. Gramu naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayevaa koti la kuazimwa. Mpiga picha akamwokoa. "Kuna Askari wa Nadhiri," akasema. "Hatujawahi kuwa naye. Ni mpiganaji mtakatifu, ana deraya na farasi mweupe, na amejaliwa nuru mikononi: akimgusa majeruhi, jeraha linafunga. Lakini nuru hiyo ina masharti. Askari anaweka nadhiri, na akiivunja, nuru inazimika. Anabaki mtu wa kawaida aliyevaa chuma kizito."

"Nadhiri zipi?"

"Ziandike mwenyewe. Kwenye meza hii kila mtu anajifunga kwa maneno yake."

Akampa kipande cha kadibodi cha boksi la karatasi za picha. Gramu aliandika bila kusita, kama anayejaza kitu alichokijua kwa moyo. Hatasema uongo. Hatampiga aliyeweka silaha chini. Hatakula kabla mwenzake mwenye njaa hajala. Mshonaji alikuwa akisoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wa pili wa meza.

"Zote hizi ni hatafanya hivi, hatafanya vile," akasema. "Huyu askari wako hana hata moja ya kutenda?"

"Kama ipi, mama?"

Mshonaji alifikiri, akivuta utepe wake huku na huku. "Kama hii. Ukimwangusha mtu kwa haki, kaa naye mpaka asimame."

Gramu aliona ni pambo tu, kama lesi kwenye shati la kazi. Lakini mama wa watu amesema, akaiandika chini kabisa kwa heshima.

Jumamosi zile zilimbadilisha. Akiwa njiani kwenda kukagua mizani za sokoni aliweza kumwaza farasi mweupe, na mara moja, kwenye ngazi za jengo lake ambako hakukuwa na mtu, alijaribu sauti ya Askari: "Simameni nyuma yangu!" Mlango wa ghorofa ya pili ukafunguka na bibi mmoja akachungulia. Gramu akakohoa, akapanda haraka.

Tabu ni kwamba alizishika nadhiri zile kama alivyoshika mawe yake ya shaba. Walipofika kwenye lango la jiji, na Paka alikuwa ameficha visu kwenye gunia la mahindi, mlinzi (ambaye ni mpiga picha aliyekunja uso) aliuliza, "Mna silaha?"

"Tunazo," akasema Askari wa Nadhiri. "Upanga wangu, shoka la huyu, na visu vya Paka viko kwenye gunia, upande wa chini."

Kinyozi alijipiga paji la uso. "Jamani! Huyu mtu ametumwa!"

"Ameniuliza," Gramu akasema.

"Ungenyamaza!"

"Kunyamaza ili mtu aamini uongo ni uongo vilevile."

Walifungwa gerezani, ndani ya hadithi, Jumamosi mbili nzima. Safari nyingine jitu lilitaka kummaliza jambazi aliyekwisha tupa upinde, na Askari akasimama katikati. Jambazi akakimbia, akarudi na ndugu zake. Mshonaji alikuwa mvumilivu. Kinyozi alianza kupumua kwa pua. Gramu aliona, lakini alidhani ndivyo watu wanavyocheza. Alizoea watu waudhike naye, hakukumbuka kwamba kuna namna nyingine.

Siku moja ya Alhamisi, jioni jua likiwa bado lipo, kazi ilimpeleka kwenye duka la nafaka lililotazamana na upande wa nyuma wa studio. Alikuwa ameinama juu ya mizani, amebakiza jiwe dogo kabisa, aliposikia kicheko anachokifahamu. Akainua macho. Dirisha la nyuma la studio lilikuwa wazi. Kinyozi alikuwa amesimama juu ya kiti, anapunga mikono, anaigiza mtu anayeanguka kutoka juu ya paa. Mshonaji alikuwa amelaza kichwa mezani kwa kucheka, mabega yakimtikisika. Mpiga picha alikuwa akifuta machozi. Ramani ilikuwa nyingine, asiyowahi kuiona. Kwenye kiti chake Gramu palikuwa na mkoba wa mshonaji.

"Kuna tatizo?" muuza nafaka akauliza, roho juu, akidhani ni mizani.

"Hapana. Iko sawa."

Lakini alikuwa hajaisoma. Ilibidi aweke mawe upya kuanzia la kwanza.

Usiku huo hata redio ya jirani hakuisikiliza. Alikaa na hasira iliyokosa pa kwenda, kwa sababu alipojaribu kuwalaumu hakuweza. Kile kicheko kilikuwa kizuri, na yeye mwenyewe akiwapo kisingekuwapo. Jumamosi alienda kama kawaida. Alisalimia, akakalia kiti chake, akaiweka kadibodi yake mbele yake.

"Leo nimekuandalia kitu," mpiga picha akamwambia, na macho yake hayakutulia usoni pa Gramu. Pengine alikuwa na lake moyoni.

Hadithi iliwafikisha kwenye daraja la kamba juu ya korongo. Pale daraja lilipoanzia aliishi mpimaji na mke wake, katika kibanda. Kazi yake ilikuwa kupima mizigo ya wasafiri, maana daraja halikuweza kubeba zaidi ya kiasi; kilichozidi kiliachwa kwake. Na kila msafiri, cha ajabu, alikuwa amezidisha.

Gramu alikaa wima. "Naomba nione mizani," akasema, na meza yote ikacheka, safari hii pamoja naye. Askari alishuka farasini, akaizunguka mizani, akauliza mnyororo wake umefungwaje, sahani yake ni ya nini, akaomba igeuzwe. Mpiga picha alikuwa amejiandaa: chini ya sahani palikuwa na kipande cha madini ya risasi, kimebandikwa kwa nta.

"Tumemkamata!" kinyozi akapiga kelele, akampiga Gramu kofi la mgongoni, la kirafiki, mpaka miwani ikamteleza. "Gramu, wewe ni hatari!"

Askari akamkamata mpimaji hadharani mbele ya wasafiri, bila kumpiga, bila kumtukana, kwa haki tupu. Wasafiri walichukua mizigo yao. Halafu, mpiga picha akasimulia, walichukua na visivyo vyao: sufuria, mlango wa kibanda, kitanda, vyote vikarushwa korongoni. Mke wa mpimaji alikuwa amesimama kando, ameshika mto mmoja.

"Haya, tuvuke," akasema kinyozi. "Mlima unatusubiri."

"Ngoja kwanza," mshonaji akasema. Alikuwa akiitazama kadibodi. "Nadhiri yake ya mwisho inasemaje?"

Gramu aliisoma, ingawa hakuhitaji. "Basi ninakaa," akasema.

Wenzake wakavuka daraja bila yeye. Mpiga picha alihudumia pande zote mbili: huku jitu na Paka wakipanda mlima, kule Askari ameketi chini karibu na mtu aliyeinamisha kichwa. Kila zamu ilipofika alimuuliza, "Unafanya nini?" na Gramu alijibu, "Nimekaa naye."

Zamu ya tatu mpiga picha alishusha sauti, akamsemea mpimaji. Alikuwa hodari wa sauti. Hii ilikuwa ndogo, imechoka.

"Umekaa kunicheka?"

"Hapana," akasema Askari.

"Basi nenda. Umeshamaliza kazi yako."

"Sijamaliza."

"Mke wangu hajasema neno. Anakunja huo mto, anakunjua. Usiku ataniuliza, yule aliyetufanyia hivi alikuwa nani. Nimwambie nini?"

Mpiga picha akasubiri, kinyozi akasubiri. Dadu ilikuwa pale, lakini hakukuwa na cha kurushia. Gramu alisimama, akasema, "Samahanini," akachukua kofia yake, akatoka kupitia studio, akalipita pazia la maporomoko ya maji, mpaka nje.

Yule mpimaji alikuwa na sura, na sura yenyewe ilikuwa ya shemeji yake.

Gramu alikuwa na dada mkubwa, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mume wa dada alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, akiuza misumari kwa kupima. Mwaka wa saba ulikuwa unakwisha tangu asubuhi ile ambayo zamu ya mtaa huo ilimwangukia Gramu. Angeweza kumwomba mwenzake aende. Hakumwomba. Aliingia na sanduku lake, akageuza sahani, akakuta kipande cha risasi, akaifungia mizani kwa utepe mwekundu mbele ya wateja. "Shemeji, sheria ni sheria," alisema, na hata wakati ule maneno yale yalimkauka mdomoni. Dada yake alikuwa nyuma ya duka, akamwona. Wateja walihama. Duka halikuvuka mwaka. Na Gramu hakukanyaga tena kwao. Alijiambia kwamba amefukuzwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemfukuza.

Mshonaji alimkuta kwenye kona, amesimama mbele ya ukuta wa matangazo kana kwamba anayasoma.

"Baba, umekwazika. Ni Alhamisi, siyo?" Alikuwa anahema. "Nilijua tu. Nilimwambia mpiga picha tukuambie. Alhamisi huwa tunacheza bila wewe."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Niliwaona dirishani."

"Na hukusema!"

"Hamkuniuliza."

Mshonaji alimtazama, utepe ukining'inia. "Wewe bwana," akasema polepole, "ungetutukana hata kidogo, tungepumua."

"Si hilo lililonitoa, mama. Nimekumbuka mtu."

Hakumwuliza ni nani. Alimgusa kiwiko, akarudi ndani.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, Gramu alivaa shati la juu kabisa kwenye rundo na kwenda. Nyumba aliifahamu, dada na shemeji walihamia nyuma ya karakana ya mabasi, na yeye kila alipopangiwa kazi upande ule alizungukia barabara ya mbali. Shemeji ndiye aliyefungua. Alikuwa ameota mvi, taulo begani.

"Leo hatuuzi kitu," shemeji akasema.

"Sikuja na sanduku, shemeji."

"Naona."

Hakumkaribisha, lakini hakufunga mlango. Aliuacha wazi, akarudi ndani, na Gramu akaamua kwamba huo ni ukaribisho. Dada yake alikuwa sebuleni, nguo zilizoanuliwa zimejaa kochi zima, anakunja. Alimwona, akaendelea kukunja.

"Umekonda," akasema.

"Kidogo, dada."

"Shikamoo imekushinda?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sema lililokuleta."

Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakayeyuka isipokuwa la mwisho, ambalo ndilo hakutaka kuanza nalo. "Mizani ilikuwa inapunja, dada. Siwezi kusema haikupunja."

Nyuma yake shemeji aliguna.

"Nani kakuuliza habari za mizani?" Dada aliweka shati chini. "Nilijua kabla yako. Nilimwambia huyu, kitoe hicho kidude, mdogo wangu akipita hapa hatakuonea haya. Hakunisikia. Ulipokuja nikasema, haya, yametimia. Kwa hiyo usinihubirie mizani nyumbani kwangu."

"Sasa kumbe..."

"Kesho yake nilikaa pale kwenye ngazi ya duka, tangu asubuhi. Huyu ananiambia ingia ndani, watu wanakutazama. Nikamwambia hapana. Jana alikuja mkaguzi, leo atakuja mdogo wangu. Nikakaa. Hukuja. Nikasema labda mwisho wa wiki. Hukuja. Kwenye msiba wa baba mdogo ulikaa upande wa wanaume mpaka ukaondoka, macho chini."

"Nilidhani hamtaki kuniona."

"Hatukutaka," dada akasema. "Ungekuja hivyo hivyo."

Gramu alisimama katikati ya sebule, mikono inamsumbua, kama mtu aliyevaa chuma. "Nimekukosea, dada," akasema. "Na wewe, shemeji. Si kwa kufunga. Kwa kuondoka."

Shemeji alijikuna shingo kwa taulo. Alionekana ana mengi ya kusema na hajui aanzie mwaka gani. "Mpe basi kiti," alisema mwishowe, na kuelekea uani.

Lakini viti vyote vilikuwa na nguo. Dada alitazama huku na huku, akavuta shuka kubwa kutoka kwenye rundo, akamtupia ncha mbili. "Shika huku." Wakanyoosha, wakakutana katikati, akazichukua ncha mkononi mwake, wakaachana, wakakutana tena. Hivyo ndivyo alivyomfundisha alipokuwa mdogo, na miguu yake ilikumbuka. Walikunja nguo zote zilizokuwepo. Mara moja alimsikia dada anavuta pua, hakuthubutu kutazama.

Alipoaga, dada alimsindikiza mpaka mlangoni tu. "Jumapili ijayo tuna wageni," akasema. "Hiyo nyingine, kama huna mtu wa kumfungia, pita."

Alipita. Hakuna lililofunguka kama mlango. Mambo yalisogea kidogo kidogo. Kuna Jumapili shemeji alikaa uani muda wote na redio yake, na kuna Jumapili alimwita aje amshikie ngazi wakati anaziba bati. "Umeshika?" "Nimeshika." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao mpaka bati likaisha, na Gramu alitembea kurudi nyumbani akiyarudia kichwani kama kitu cha maana sana.

Kwenye meza ya duara, ambako Gramu alirudi Jumamosi iliyofuata, Askari wa Nadhiri hakuondoka darajani. Mpiga picha alimpa kila nafasi: wapanda farasi wakaja kumwita, mlima ukatoa moshi, Paka akatuma ujumbe. Gramu alikataa kwa upole. Alimsaidia mpimaji kujenga mlango, halafu kitanda, halafu akamfundisha kuweka mizani sawasawa. Wengine walikwisha fika mbali, nchi nyingine kabisa, na ikawa Gramu anakaa Jumamosi nzima kusubiri zamu yake ya kusema kwamba leo wanapaka kibanda chokaa.

"Huyu askari wako ametuacha," kinyozi akasema siku moja, na safari hii bila kupumua kwa pua.

"Nyie ndio mmevuka," Gramu akajibu, na wote wakacheka, naye pia. Mshonaji alimwambia aje Alhamisi, wampe mwizi, kwa nini asijaribu. Alishukuru. Alijua watamwachia nafasi, na alijua kicheko kitakuwa cha kumtunza mgeni. "Alhamisi mnacheka vizuri," akasema. "Msiharibu." Siku hiyo aliwapa mikono mmoja mmoja, na Jumamosi iliyofuata hakwenda. Waliuliza habari zake mara mbili, mara tatu. Baadaye mpiga picha alipata mtu mwingine wa nne.

Jumamosi zikarudi kuwa ndefu. Chumba kilikuwa kilekile, kiti cha pili na mashati yake, ukuta na mchezo wa redio uliokatika katika. Hatuwezi kusema upweke ulimwacha. Ulimpa tu upenyo wa kupitisha mkono na kumfikia mtu.

Ila kazini alianza jambo ambalo wenzake walilishangaa na mkuu wake hakulipenda. Akifungia mizani ya mtu leo, kesho yake, saa zake za mapumziko, alirudi kwenye duka lilelile bila sanduku. Wengi walimfukuza. Mmoja alimwachia mbwa. Mama mmoja muuza mbegu alimsimulia matatizo yake mpaka mapumziko yakaisha, kisha akamwambia kwamba bado anamchukia.

Wiki iliyopita alifungia ya muuza mkaa mmoja, jitu la mtu, mweusi kwa vumbi mpaka kope. Kesho yake alimkuta ameketi juu ya gunia, duka limefungwa nusu. Yule bwana alimtazama kutoka chini mpaka juu.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimekuja kukuangalia."

"Haya, niangalie," muuza mkaa akasema, "halafu uende."

Gramu akavua kofia, akamwangalia. Kisha, kwa kuwa hakufukuzwa bado, akatafuta gunia jingine, akaketi.